Mwenye Pancha Ndiye Mtalii

Siku hewa inapokuwa safi, mtu aliyesimama Shimoni au Vanga, au hata kwetu Majoreni pale ambapo mikoko imeacha upenyo, huiona milima ya Usambara imejipanga upande wa Tanzania, buluu nyuma ya buluu. Mtazamo huo ni wa bure. Hautaki pasipoti wala pampu, na mwenye kutazama anaweza kuendelea na mahamri na mbaazi zake bila kukatizwa na mtu. Pamoja na hayo, hawakosekani watu wa kusema kwamba milima haionwi kutoka mbali, sharti ifuatwe. Tena ifuatwe kwa baiskeli. Tena si mtu mmoja mmoja bali kundi zima, siku nne au tano, wamevaa suruali za kubana, na lengo likiwa moja tu: mandhari. Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na lile lengo. Mpanda baiskeli mlimani haoni mandhari yoyote, isipokuwa pale baiskeli yake inapoharibika. Kwa hivyo mwenye kuitaka mandhari kwa dhati ya moyo wake asiombewe safari njema. Aombewe pancha.

Tuichukue njia yenyewe, maana hoja isiyo na barabara haifiki mbali. Msafara ukitoka Majoreni utatafuta lami ya Lunga Lunga, uvuke mpaka Horohoro, uingie Tanga mjini, kisha Muheza, Segera, Korogwe na Mombo. Hapo Mombo barabara kuu ya Moshi na Arusha inaendelea na shughuli zake, na njia ya Lushoto inachepuka kulia na kuanza kupanda. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya hizo si mlima hata kidogo: ni minazi, ni michungwa ya Muheza, ni mkonge uliosimama safu kwa safu. Mkonge huo Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, vikafika Tanga vichipukizi 62 vilivyo hai kati ya 1,000, na hivyo 62 vimetosha kumchosha kila apitaye kwa baiskeli hadi leo. Mlima wenyewe ni kama kilomita 33, kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni penye maporomoko ya maji. Unaanzia kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na kuishia kwenye mita 1,400 hivi, ambako Wajerumani walipendezwa na baridi hata wakauita mji Wilhelmstal. Katika milima hiyohiyo ndimo unamozaliwa Mto Umba, unaokuja kumwaga maji yake Vanga, kwa majirani zetu, na mvua ikizidi huyamwaga mpaka ndani ya nyumba za watu. Mto huo umesafiri kati ya Usambara na pwani yetu tangu enzi na enzi, na haujafikiria hata siku moja kupanda.

Tuanze na kupanda, kwa kuwa ndiko kunakochukua muda. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 15 ana kazi ya kuinua kilo 85 hadi kimo cha mita 1,000. Hesabu ya fizikia ya shule ya upili inaiweka kazi hiyo kwenye kilojuli 830 hivi. Mtu wa kawaida asiye bingwa, akikanyaga pedeli mfululizo, hutoa kama wati 100, nguvu ya balbu moja ya zamani. Atahitaji basi zaidi ya saa mbili na robo bila kupumzika, na hapo hatujaingiza msuguano, mfuko wa nguo, wala machungwa aliyoyanunua Muheza kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Isitoshe, kama robo tatu ya nguvu ya chakula hupotea mwilini kwa njia ya joto, ndiyo maana mgeni huingia Lushoto akitoka jasho huku wenyeji wamevaa makoti. Mpinzani atasema: vyema, mwendo ni wa polepole, si ndio wakati wa kutazama? Jibu liko shingoni. Mwenye kupanda huinamisha kichwa. Jasho linamwingia machoni, na ulimwengu wake wote unakuwa kipande cha lami chenye ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Akijitahidi kuinua macho linamkuta tatizo la pili, ambalo kila aliyewahi kujifunza baiskeli analijua: baiskeli huenda yanakotazama macho. Utazame mti, utaugonga. Litazame shimo ili ulikwepe, utaingia. Sasa litazame bonde la Soni.

Watu wa Majoreni hawahitaji kuvuka mpaka ili kulithibitisha hili. Mwuza maji hufunga madumu manne ya lita 20 kwenye baiskeli yake, kilo 80 kamili, akaisukuma kwenye mchanga. Njia ya mchanga haina mwinuko wowote kwenye ramani, lakini miguu haisomi ramani. Mtu huyo amepita kando ya bahari ileile ambayo wengine hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuitazama pale Diani, amepita chini ya minazi ileile inayopigwa picha, na jua la asubuhi lilikuwa juu ya maji kama inavyotakiwa. Mwulize ameona nini njiani. Atakutajia shimo lililo mbele ya msikiti, mzizi wa mwembe, na mahali mchanga unapoanza kuwa mzito. Macho ya uzuri anayo, ila yamekodiwa na mzigo mpaka atakapoutua. Tofauti kati yake na wale wa suruali za kubana ni kwamba yeye analipwa kwa kila dumu, na wao wamelipa ili wapande.

Mpanda ngazi hushuka, na watetezi wa mandhari wakibanwa kwenye kupanda hukimbilia huko. Wanasema kushuka ni raha tupu: pedeli zimetulia, upepo usoni, milima yote mbele yako. Hebu tupime. Baiskeli inayoshuka kwa kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kwa kila sekunde. Kugeuza kichwa, kukiona kilele, kukisifia moyoni na kurudisha macho barabarani huchukua sekunde mbili kwa mtu asiye mshairi. Hizo ni mita 28 za barabara zilizopita bila mwangalizi. Katika mita 28 za barabara ya Lushoto kuna nafasi ya kona moja, lori la kabichi, mbuzi wawili na mzee anayevuka taratibu kwa kuwa yeye ndiye mwenye kwao. Halafu zipo breki. Zile kilojuli 830 zilizowekwa mlimani kwa jasho hazipotei. Sharti zirudi, nyingine zikichukuliwa na upepo, nyingine zikiishia kwenye rimu na mpira wa breki. Kwa wingi wake zingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji kutoka ubaridi wa mtungini hadi yatokote. Mtu anayeshusha sufuria hiyo ya chai kwa vidole viwili vya kila mkono, kona baada ya kona, vidole vimekufa ganzi, hana nafasi ya kusifia milima. Anatafuta mahali pa kusimama.

Kundi nalo, kwa hesabu ya kwanza, linazidisha upofu. Kwenye tambarare anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu, jambo la kweli lililopimwa mara nyingi, kwa hivyo wapandaji hujifunza kufuatana kwa karibu, gurudumu la mbele likikaribia kulibusu la mwenziwe. Mlimani mwendo ukishakuwa kama wa mtu atembeaye faida hiyo huisha, lakini mazoea hayaishi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyetoka Majoreni kwenda kuiona Usambara huishia kuuona mgongo wa mwenzake. Baada ya siku tatu anaujua mshono wa suruali ile kuliko fundi aliyeishona. Anajua ni uzi wa rangi gani, na ni mahali gani utaachia kwanza. Jioni msafara hufika pa kulala jua limeshazama, na kitu pekee kinachotazamwa kwa makini ni sufuria. Asubuhi ukungu umefunika kila kitu hadi saa tatu. Saa tatu wameshaondoka.

Atakayesema kwamba haya ni ya wapandaji wa kubahatisha, kwamba wenye mazoezi huona, na atazame yaliyotokea Kigali. Tarehe 28 Septemba 2025 zilifanyika huko mbio za wanaume za ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza mashindano hayo kuletwa Afrika. Zilikuwa kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote vilivyopandwa unapata zaidi ya mita 5,400, karibu kimo cha Kilimanjaro kikipimwa kutoka baharini. Walianza watu zaidi ya 150, wakamaliza 30. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikaa sehemu kubwa ya mwisho wa mbio peke yake mbele, na alichokuwa nacho mbele ya macho ni pikipiki ya kamera. Lakini tumtazame aliyeshika nafasi ya pili, Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Gurudumu lake lilipiga shimo, tandiko likamshukia, akabadilisha baiskeli, ya pili nayo haikumfaa, akasimama kando ya barabara kungoja ya tatu. Kati ya waliofika kwenye jukwaa la medali siku ile ndiye aliyepata nafasi ya kusimama katikati ya vilima vya Rwanda bila kukanyaga chochote. Kwamba aliitumia kulitazama gari ambalo halijafika, huo ni uamuzi wake. Na wale zaidi ya 100 walioacha njiani waliviona vilima vizuri zaidi, wamekaa, na soda mkononi, pamoja na Wanyarwanda waliojaa kandokando ya njia ambao tangu asubuhi walikuwa na mandhari yote na hawakuwa na baiskeli hata moja.

Sasa pancha. Sauti yake ya kwanza ni ndogo, na mwenye baiskeli hukataa kuisikia kwa mita hamsini, akiamini ni ya mwenzake. Kisha rimu inaanza kugonga mawe, mtu wa nyuma anapiga ukelele, na kundi zima linasimama kwa uso wa huzuni usio na ukweli hata chembe, maana kila mmoja alikuwa akiomba kitu kama hicho tangu kona ya tatu. Baiskeli inapinduliwa miguu juu. Tairi linabanduliwa kwa mipini ya vijiko viwili, kwa sababu chuma cha kazi hiyo kimesahaulika Majoreni juu ya kabati. Tyubu inatolewa, inajazwa upepo, inazamishwa kipande kwa kipande kwenye beseni la maji lililoazimwa nyumba ya karibu, mpaka viputo vijitokeze. Tundu linachomekwa kijiti cha kiberiti lisije likapotea. Panakwaruzwa kwa msasa, panafutwa, panapakwa gundi, na kiraka nacho kinapakwa. Na hapo ndipo safari inapoanza, kwa sababu gundi haibandikwi ikiwa mbichi. Mwenye pupa akiibandika papo hapo, kiraka kitaachia kabla ya kona inayofuata. Ni lazima iachwe hewani mpaka isinate tena kidoleni: dakika chache Majoreni kwenye joto letu, na zaidi kidogo kadiri unavyopanda, kwa kuwa kila mita 1,000 hewa hupoa kwa kama nyuzi sita, na penye ubaridi gundi hukauka kwa kujivuta. Maana yake, na hoja hii naipenda kuliko nyingine zote, ni kwamba kadiri mandhari inavyozidi kuwa nzuri ndivyo muda wa kuitazama unavyoongezwa, bila kamati kukaa wala mtu kupiga kura.

Katika dakika hizo hakuna kazi ya mtu yeyote. Ni mara ya kwanza tangu Mombo watu kumi na wawili wanainua vichwa kwa pamoja. Bonde liko palepale lilipokuwa. Moshi wa jikoni unatoka kati ya migomba na mabati, mtu mmoja mdogo sana anapalilia shamba lililosimama wima kiasi kwamba ni ajabu viazi havijamwangukia, na kule chini inaonekana ile njia waliyoipanda, imekunjwa na kukunjuliwa, na hakuna anayekubali kwamba ni yenyewe. Aliyepiga magoti kutafuta kifuniko cha gundi anaweza, kwa bahati, kukutana kwenye mwamba wa kivuli na mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Mwishoni mwa karne ya 19 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao, na leo umejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Kimo chake hakifiki urefu wa ndizi. Kutoka juu ya tandiko hauonekani. Mara anapita bibi na mzigo wa kuni kichwani. "Poleni wanangu. Imekufa?" "Haijafa, bibi, tunangoja gundi." "Haya, kaeni kitako basi." Naye anatua mzigo, anawatajia kile kilima cha ng'ambo jina lake, na nani aliyezaliwa kule, na nani aliyehama kwenda Tanga akasahau kurudi. Habari hizo hazipatikani kwa kilomita 50 kwa saa.

Hapa ndipo kundi, ambalo nililisema vibaya, linapojisafisha jina. Tuseme baiskeli moja hupata pancha moja kwa kila siku tatu. Anayesafiri peke yake atasimama mara moja tu katika siku tatu, aone bonde moja, arudi nyumbani na kuwaeleza watu kwamba Usambara ni lami. Baiskeli kumi na mbili zitapata pancha nne kila siku, na adabu ya msafara inataka pancha ya mmoja iwe ya wote. Ongeza cheni zinazochomoka, pedeli inayolegea, na yule asiyekosekana ambaye tumbo lake halikuelewana na maji ya Korogwe. Kundi linakusanya mikosi ya kila mtu na kuigawa sawa kwa sawa, na kila mkosi una dirisha lake. Mpinzani makini ataniuliza: pancha haichagui mahali, je, ikitokea katikati ya mkonge? Itatokea, sikatai, na hapo watu watautazama mkonge, ambao nao una haki yake. Lakini mikosi mingi haitawanyiki ovyo njiani. Mawe yenye ncha hayako kwenye lami ya Segera. Yako kwenye njia za vumbi baada ya Lushoto, kuelekea Mtae, ambako nchi inakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini kabisa. Cheni vilevile haikatiki pale inapozunguka kwa raha. Hukatika mtu anaposimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, na hilo hufanyika kwenye mwinuko. Mikosi ya baiskeli inapenda mahali pazuri, na sababu zake si za kimiujiza.

Pingamizi lililo rahisi kuliko yote ndilo gumu kuliko yote: kwa nini wasisimame tu? Nani anahitaji tundu kwenye tyubu ili atazame mlima? Anayeuliza hivyo hajasafiri na watu. Katika kundi hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kusema "jamani, tusimame", kwa sababu kila mtu ataelewa kwamba amechoka, na akisema kwamba anataka kutazama mandhari watajua amechoka sana. Mapafu yanapiga filimbi, lakini ulimi unasema "twendeni". Na si wenzake tu. Mtu mzima aliyesimama kando ya barabara akikodolea macho kilima, mikono mitupu, kwetu ni mtu mwenye lake jambo. Atapitiwa na wa kwanza, atasalimiwa. Wa pili atamwuliza anamtafuta nani. Wa tatu ni mwenyekiti wa kijiji. Karibu na mpaka ndio usiseme, maana kutazama vilima kwa makini huko kuna tafsiri nyingi. Lakini mpe gurudumu mkononi na mafuta meusi vidoleni, na kila swali limeshajibiwa. Anapewa pole, anapewa kivuli, anapewa maji, na hata akikodoa macho saa nzima, anangoja gundi. Baiskeli iliyopinduliwa miguu juu ni kibali cha kukaa popote Afrika Mashariki, na hakina mhuri wala foleni.

Wako watakaoniambia nilipaswa kupendekeza miguu tangu mwanzo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai mwaka 1848 akaenda Usambara kwa miguu hadi kwa mfalme Kimweri, na aliona mengi. Ni kweli, ila Krapf hakuwa na likizo ya siku tano. Wengine watataja matatu na mabasi, kwamba yana madirisha. Yana madirisha, na dirisha la upande wa bonde siku zote limekaliwa na mtu aliyelala, pazia limefungwa, na kati yako naye kuna kapu la karoti na mtoto anayekutazama wewe kwa sababu wewe ndiye mandhari yake. Vijana wataniambia habari ya simu: mtu apige picha akiwa anaendesha, ataona nyumbani. Picha hizo nimezionea huruma. Nusu ni kidole, nusu ni usukani, na moja iliyotoka vizuri ina mgongo wa mtu wa mbele, mshono ule ule.

Adui wa kweli wa mandhari si mlima wala kundi, ni gari la msaada. Siku hizi hakuna msafara unaojiheshimu bila gari linalofuata nyuma lenye magurudumu ya akiba, baiskeli za akiba, ndizi zilizomenywa na kijana mwenye pampu ya umeme. Pancha ikitokea gurudumu linabadilishwa kabla bibi mwenye kuni hajafika. Kuna na tairi zisizo na tyubu, ambazo ndani yake humiminwa utomvu maalumu: mwiba ukiingia, utomvu unaziba tundu wenyewe na mpanda baiskeli haambiwi. Fikiria hasara hiyo. Pancha imetokea, bonde lilikuwa pale, na mwenyewe amepita. Mtu anaweza kwenda Lushoto na kurudi Majoreni na tairi lenye miiba kumi na mmoja ndani yake, yaani mandhari kumi na moja zilizozibwa kwa utomvu bila hata moja kufunguliwa.

Lazima niweke mpaka mahali fulani, kabla mtu hajaondoka na wembe kwenda kuchana tairi za wenzake. Ninayoyasifia ni maradhi madogo ya baiskeli: pancha, cheni, spoki, keria iliyolegea nati. Breki hazimo. Breki za kuteremkia Mombo ziwe mpya, zikaguliwe na watu wawili wasiopatana, ili mmoja asimfichie mwenzake. Kichwa nacho kiwe na kofia ngumu, hata kama inaharibu picha. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoja yangu yote huloa, kwa sababu gundi haikauki kabisa na bonde limejaa mawingu. Mwenye pancha siku hiyo ni mwenye pancha tu.

Yaliyobaki ni ya kamati ya safari. Baiskeli za aina moja zisitafutwe. Ziwemo mbili tatu za zamani, zile mamba nyeusi za chuma zinazobebea nazi, kwa ajili ya faida ya umma. Fundi achaguliwe kwa uangalifu kuliko mtu mwingine yeyote, na hapa ndipo kamati nyingi hukosea, kwa kuchukua hodari. Fundi hodari anaziba pancha kwa dakika sita, anafunga gurudumu, anajipangusa, na watu wanarudishwa kwenye ile mishono. Anayefaa ni yule mzee anayekaa chini ya mwembe na boksi lake la vyuma, ambaye hawezi kukaza nati bila kwanza kueleza nati hiyo ilitengenezwaje zamani na kwa nini za siku hizi ni takataka, anayepaka gundi, akaitazama, akasema bado, akaanza hadithi nyingine. Huyo alipiwe chakula, malazi na hati ya kuvukia mpaka, na wakifika Soni asiharakishwe na mtu.